Wavu umenasa kwenye mwamba na bado unaua: tuuvute au tuukate?

Mtepe_Kusini

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoijua kazi hii.

Kusini ya Kilwa kuna mwamba ambao hata maji yakipwa kabisa wakati wa bamvua unabaki na kina cha mita 7 hivi. Umenasa wavu wa nailoni, ule wa uzi mmoja unaong'aa, macho ya inchi 3. Urefu unaoonekana ni kama mita 40, na ncha moja imeingia chini ya jiwe. Kamba ya maboya imekatika sehemu mbili, kwa hiyo nusu ya wavu imelala na nusu bado imesimama kama imetegwa jana. Kwenye nusu iliyosimama kuna mifupa ya pono, tasi wabichi kabisa, kaa walio hai, na kasa mmoja aliyekwishakufa. Hakuna aliyejitokeza kusema ni wake, na kwa aina hiyo ya wavu, iliyopigwa marufuku, hatajitokeza mtu.

BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi ufukweni) wana mashua ya futi 22, wazamiaji wa pweza watano wanaoshuka kwa pumzi, na mitungi miwili ya hewa ya kuazima pamoja na watu wawili waliosomea kuitumia. Maswali yangu:

1. Tuuvute na mashine au tuukate vipande?
2. Tukimkuta kasa mwingine yu hai ndani yake, tumfanyeje?
3. Wavu ukishafika pwani unakwenda wapi? Wengine wanasema tuuchome tu.

---

Nanga_Baba

Fungeni nanga ya makombe manne kwenye kamba ya risasi (ile ya chini yenye vizito), mashine ya nguvu farasi 40 ivute taratibu kuelekea maji makuu. Robo saa mmemaliza. Kukata kata kutawamalizia siku nzima.

---

Fungu_la_Chewa

Mkuu Nanga_Baba, kwenye mchanga mtupu ushauri wako unafaa. Kwenye mwamba usifanye. Wavu wa uzi mmoja ukishakaa miezi kadhaa unakuwa umejisokota kwenye matumbawe ya matawi, na kila tawi limeshikwa na macho matatu manne. Mashine ikivuta, nailoni haikatiki, linalokatika ni tumbawe. Unapandisha wavu pamoja na mwamba wenyewe, na pale tasi walipokuwa wanajificha panabaki kifusi. Halafu kuna usalama wa chombo: wavu ukigoma ghafla mashine ikiwa inavuta kwa nyuma, tezi, yaani nyuma ya mashua, inazama na maji yanaingia.

Mtepe, ukateni. Utaratibu ni huu.

Siku kwanza. Msiende bamvua. Subirini maji mafu, tarehe 7 au 8 za mwezi mwandamo, au 22 na 23, mfanye kazi ile saa maji yamesimama kabla ya kugeuka. Mkondo ukiwepo, kila kipande mnachokata kinapepea na kumfunika aliye jirani. Kusi likivuma sana ahirisheni. Kazi hii ni ya matlai au kaskazi lililotulia. Na kabla ya siku yenyewe, afisa uvuvi awe na taarifa, ikiwezekana kwa maandishi mliyobeba chomboni. Uvuvi wa mitungi umekatazwa, na doria ikikuta mashua yenye mitungi, visu na lundo la nyavu haramu haitawauliza nia yenu kwanza. Kama mwamba uko ndani ya hifadhi ya bahari, ombeni kibali huko pia.

Wenye mitungi ndio wakate. Wa pumzi wasiingie chini ya wavu hata mara moja, wabaki juu wakipokea vipande, na wakishuka iwe mmoja chini na mwenzake juu anamtazama, mapumziko yakiwa angalau mara mbili ya muda aliokaa chini. Mtu akinaswa kifundo cha mguu akiwa na pumzi moja, hana nafasi ya kufikiri.

Kila mkataji awe na vyombo viwili vya kukatia, kimoja kifuani na kingine mkononi au kwenye paja, kwa sababu kile ulichokishika ndicho kitakachoanguka. Kwa uzi mmoja mkasi imara wa kukatia nguo au ule wa wauguzi ni bora kuliko kisu: kisu kinauvuta uzi kabla ya kuukata, na ukiuvuta unalitikisa tumbawe. Kisu chenye meno kiwekeni kwa ajili ya kamba ya risasi. Kisiwe na ncha kali. Ondoeni kila kinachoning'inia: bomba la kupumulia juu ya maji (snorkel), saa yenye vishikizo, mikanda iliyolegea. Macho ya inchi 3 yanashika kifungo cha mkanda kama yanavyomshika samaki.

Anzeni na nusu iliyosimama, maana ndiyo inayovua. Kateni kamba ya maboya iliyobaki ili wavu ulale, lakini kabla ya kuukunja toeni kila kilicho hai. Kaa msihangaike kumfumbua, kateni macho yanayomzunguka. Kisha kateni wavu vipande vya mita 1 hadi 2 na kuvinyanyua kwenda juu, tawi kwa tawi, si kuvikokota pembeni. Penye tumbawe lililokwisha kuota juu ya uzi, kateni kandokando na kuuacha uzi ule ndani. Ukiung'oa unaua kilichokwisha kupona.

Ile ncha iliyo chini ya jiwe, kateni pale inapoingilia. Msimtume mtu apenyeze mkono.

Kuhusu uzito watu wengi wanakosea hesabu. Nailoni ni nzito kidogo tu kuliko maji ya bahari, kwa hiyo kilo 100 za nailoni kavu chini ya maji zina uzito wa kama kilo 10. Risasi haipungui hivyo, inabaki na zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake. Kwa hiyo itengeni kamba ya risasi, muipandishe peke yake kwa kamba kutoka chomboni. Wavu utieni kwenye magunia ya matundu, yasizidi yale ambayo watu wawili wanaweza kuyanyanyua *nje ya maji*, kwa sababu gunia lililokuja juu kama unyoya linageuka kilo 40 pale ukingoni, na mashua ya futi 22 ikilemewa upande mmoja inapinduka.

Mkitaka kutumia hewa kunyanyulia, dumu la lita 20 lililokatwa kitako, mdomo umefungwa, linabeba karibu kilo 20. Lifungeni kwenye gunia likiwa limesimama mdomo juu na kulijaza hewa kidogo kidogo. Lisiwe limefungwa kote: lita 10 za hewa mlizotia kwenye mita 7 zinafika juu zikiwa lita 17, na chombo kilichozibwa kitachapuka kama risasi au kupasuka. Lenye kitako wazi linamwaga ziada lenyewe. Na kamwe dumu lisifungwe kwa mzamiaji.

---

Ng'amba_Pwani

Nijibu la pili, hapo ndipo kasa wengi wanapouawa na watu wenye nia njema.

Akiwa hai chini ya maji, mkate wavu kwa umbali kutoka kwake, mpandisheni na kile kipande kilichomzunguka, mkifumbue chomboni. Kasa akitulia anakaa chini saa kadhaa, lakini akipapatika hewa yake inaisha upesi sana, kwa hiyo msitumie muda wake kufumbua fundo moja moja huko chini. Shikeni gamba: mkono mmoja nyuma ya shingo, mwingine juu ya mkia. Msimbebe kwa mapezi, na msimlaze chali.

Akipanda amelegea, hajibu, msimhesabu amekufa. Mlazeni kifudifudi, sehemu ya nyuma inyanyuliwe angalau sentimita 15 kwa gunia au boya ili maji yatoke kwenye mapafu. Kivulini, amefunikwa kitambaa chenye maji, pua ikiwa wazi. Kila baada ya saa tatu mguse taratibu ukingo wa jicho na mkia. Anaweza kuchukua saa 4 mpaka 24 kuzinduka. Kosa ninaloliona likiandikwa kila mahali ni "mrudishe majini apate nguvu". Kasa aliyelegea ukimrudisha majini anazama na kufa. Wala msimweke kwenye beseni la maji.

Uzi uliokata pezi mkiuondoa, tazameni chini yake. Jeraha likifika mfupani, au pezi limekuwa jeusi, ni kazi ya daktari wa mifugo. Upande wa Tanzania wasilianeni na afisa uvuvi na Sea Sense. Kenya, maeneo ya Watamu, kuna Local Ocean Conservation wanaopokea kasa na kuwauguza. Kasa analindwa kisheria nchi zote mbili, kwa hiyo hata kumsafirisha kwa wema kunahitaji mtu mwenye mamlaka ajue.

Na huyo aliyekufa msimtupe hivi hivi. Pimeni gamba kwa futi kamba ya fundi cherehani kufuata mkunjo wake, pigeni picha ya kichwa na ya mgongo, andikeni tarehe na mahali.

---

Mtepe_Kusini

Ahsanteni sana. Fungu_la_Chewa, hesabu ya uzito sikuwahi kuifikiria.

Ng'amba_Pwani, swali la nyongeza. Kasa mwingine ameonekana anaelea jirani na mwamba huo huo, anajaribu kuzama hawezi, na kamba ya buluu inamning'inia sehemu ya haja. Vijana wanataka kuivuta.

---

Ng'amba_Pwani

Wasivute! Hiyo kamba ncha yake ya pili huenda iko tumboni au hata kooni. Utumbo umejikunja kuizunguka kama kitambaa kilichokunjamana kwenye uzi, na ukivuta unaukata kama unavyokata jibini kwa waya. Wala msiikate karibu na mwili, maana itarudi ndani. Iacheni, muifunge tu isikwame njiani, apelekwe kwa wataalamu. Ni hivyo hivyo kwa mshipi wa kuvulia unaotoka mdomoni.

Kuelea ni gesi. Chakula kimeziba, kinachacha, anajaa hewa. Asiyeweza kuzama hawezi kula nyasi za chini, anachomwa na jua mgongoni, na vyombo vinamgonga. Kumsukuma chini hakusaidii kitu.

Kwa nini anameza? Tumezoea kusema mfuko unafanana na yavuyavu, na ni kweli, ila si yote. Plastiki ikikaa baharini inaota mwani na vijidudu, na harufu yake inakuwa ya chakula. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kasa wanaitikia harufu ya plastiki iliyoota mwani kama wanavyoitikia harufu ya chakula halisi. Pili, koo la kasa ndani limejaa miiba ya nyama iliyoelekea tumboni, kazi yake kuzuia chakula kisirudi wakati anatema maji ya chumvi. Akishaokota kitu kibaya, miiba hiyo hiyo inakisukuma mbele. Hana namna nzuri ya kukitapika.

Kiasi? Uchunguzi wa mizoga na kumbukumbu za karibu kasa 1,000 huko Australia, uliochapishwa 2018, ulikadiria kuwa kipande kimoja tumboni kinampa kasa uwezekano wa asilimia 22 wa kufa kwa sababu hiyo, na vipande 14 vinafikisha asilimia 50. Kwa hiyo yule anayesema "mfuko mmoja utafanya nini" jibu lake ndilo hilo.

---

Chubwi

La tatu. Msichome. Nailoni ikiungua kwenye moto wa wazi inatoa moshi wenye sumu, na katika lundo hamtakosa kipande cha mpira au PVC kinachotoa mbaya zaidi. Kinachobaki ni donge gumu litakaloviringishwa na mawimbi mpaka lisagike.

Kwanza tambueni mna nini. Kata kipande cha kila aina ya uzi na kamba, fungeni fundo, tia kwenye glasi ya maji ya kisima, sukumeni chini mapovu yatoke. Kinachoelea ni polithini au polipropilini: kamba nyingi za buluu na kijani, na nyavu za meli za kukokota. Kinachozama ni nailoni au poliesta. Nailoni safi ndiyo inayotafutwa na wanaoyeyusha upya, mradi iwe peke yake. Ikichanganyika na kamba za kuelea, au ikiwa na risasi, konokono na chumvi, mnunuzi anaikataa. Kwa hiyo ukateni wavu kutoka kwenye kamba zote mbili, muukung'ute, muusuuze kwa maji baridi, muuanike kivulini, mpime. Risasi ina bei yake, ila msiwaachie watoto wayeyushe chubwi jikoni, mvuke wake ni sumu.

Msipopata mnunuzi, ukateni vipande vidogo visivyoweza kutegwa tena ndipo viende dampo. Wavu mzima ukiachwa nyuma ya ofisi ya BMU utarudi baharini kabla ya Ijumaa. Kama afisa anautaka kama kielelezo, mkabidhini kwa maandishi.

Jambo moja la pembeni: yale mabango ya "wavu unadumu miaka 600" yasomeni kwa tahadhari. Nailoni yenyewe haijatimiza miaka 100 tangu ivumbuliwe, hayo ni makadirio. Linaloonekana kwa macho ni kwamba jua na mawimbi vinaivunja kuwa vipande vidogo, na vikifika chini ya milimita 5 havikusanyiki tena kwa mkono. Chini kwenye kina, gizani, hata kuvunjika kunachelewa.

---

Nanga_Baba

Nimekubali, mashine naiondoa kwenye hoja. Lakini mnatumia nguvu nyingi kwa wavu mmoja wakati ufuko mzima umejaa ndala na chupa. Wavu huo utaota mwani na kuacha kuvua wenyewe.

---

Fungu_la_Chewa

Una nusu ya haki. Wavu ulioangukia mchanga unaporomoka, unashika uchafu, samaki wanauona, na uvuaji wake unapungua sana ndani ya miezi. Kwenye mwamba matumbawe yanaushikilia wima. Kisha kuna mzunguko wake: tasi ananasa, anaoza, harufu inaita kaa na chewa, nao wananasa, nao wanakuwa chambo. Hauhitaji mvuvi.

Na hata ukiacha kuvua, unaendelea kusugua na kutia kivuli. Utafiti uliopita kwenye miamba 159 ya Asia na Pasifiki, ukachapishwa 2018, ulikuta kwamba tumbawe likiguswa na plastiki uwezekano wa kuwa na ugonjwa unapanda kutoka asilimia 4 hadi 89. Plastiki inachubua ngozi, inazuia mwanga na hewa, na vidonda vinaingia maradhi.

Kwa uzito pia msidharau nyavu. Aldabra, kule Shelisheli, hakuna mkazi wa kutupa taka zaidi ya kituo cha watafiti, na mwaka 2019 walitoa tani 25. Makadirio ya kilichobaki yalizidi tani 500: kwa uzito zaidi ya asilimia 80 vifaa vya uvuvi, na ndala karibu 360,000. Ukihesabu kwa idadi ndala zinakutisha, ukipima kwa mizani ni nyavu na kamba.

---

Chubwi

Na hapo ndipo vikundi vingi vinapoharibu takwimu zao. Wanasema "tumekusanya magunia 60". Gunia la chupa na gunia la kamba mbichi si kitu kimoja.

Mtepe, mkitaka halmashauri iwasikilize, pimeni mita 100 za ufuko kwa kamba, wekeni alama za kudumu kwenye minazi, mkaokote kila kitu kinachozidi sentimita 2.5 kutoka maji yanapogusa hadi majani yanapoanzia. Hesabuni kwa aina *na* mpime kwa mizani vikiwa vikavu. Siku ya kwanza ni ya kusafisha tu, ile ni taka ya miaka. Kisha rudini kila siku saa ile ile kwa siku 10; hicho kinacholetwa kwa siku ndicho kinachowaambia kitu. Rudieni wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, la sivyo mtalinganisha pepo, si taka.

Chupa zisomeni kabla ya kuzitia guniani. Chupa yenye maandishi ya nchi ya mbali na imeota vile viumbe vyenye vishina na magamba meupe imekuja na mkondo: uchambuzi wa chupa za fukwe za Kenya uliochapishwa 2020 ulikuta kwenye fukwe zisizosafishwa nyingi zimetoka Indonesia. Safi, ya kiwanda cha jirani, imeshuka na mto au mtaro. Kuna alama moja ndogo watu hawaioni: mikato midogo ukingoni mwa ndala au kifuniko, imepangana kama meno ya msumeno uliochakaa. Hiyo ni samaki aliyemega, kikande mara nyingi. Kilichokosekana pale kiko tumboni mwa samaki huyo.

---

Dema_la_Ukindu

Nichomeke moja, maana mmesema nyavu tu. Dema (mtego wa samaki wa kufumwa) la zamani likipotea lilioza. La waya na kamba za plastiki haliozi, linaendelea kufungia samaki. Dawa yake ni rahisi: kateni mlango upande mmoja, ufungwe kwa uzi mwembamba wa katani badala ya nailoni. Likikaa chini bila mwenyewe, katani inaoza na mlango unaanguka. Uzi ubadilishwe kila mara mnapotengeneza dema, maana ukioza mapema mvuvi atapoteza samaki na kesho atarudi kwenye nailoni.

---

Mtepe_Kusini

Nimeyapokea yote. Tunangoja maji mafu yajayo, barua kwa afisa uvuvi inakwenda kesho asubuhi. Yule kasa anayeelea ameshikwa, yuko kivulini chini ya mkungu, kamba haijaguswa. Afisa amesema gari linakuja saa nane.

Fungu_la_Chewa, dumu la lita 20, lile gumu la mafuta ya kupikia linafaa au lazima la dizeli?

---

Fungu_la_Chewa

La mafuta ya kupikia linafaa, mradi mkono wake haujapasuka. Msifunge kamba kwenye mkono peke yake. Toboeni matundu manne karibu na ukingo mliokata, mpitishe kamba nne zikutane fundo moja chini, ndipo gunia lining'inie katikati. Likining'inia upande, dumu linainama na kumwaga hewa yote nusu njia, na gunia linarudi chini kwa kasi juu ya mtu. Kwa hiyo likianza kupanda, wote wasogee pembeni.